Peli eli chungu kama klorokwini: jibu kwa msomaji wa Moshi

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa hapa Moshi. Wifi yangu anaishi Uingereza, na kila ikifika Julai hunisimulia kuwa kule wakati wa joto wanakunywa bia iitwayo Pale Ale, nyepesi, ya kukata kiu. Februari nilikuwa Arusha nikaiona dukani, rafu ya dirishani, nikanunua chupa mbili kwa bei ya kuumiza. Moja ya kahawia, moja ya kijani. Nikaziweka kwenye friji hadi zikakaribia kuganda, Jumapili mchana nikazifungua na kiti moto chenye pilipili. Chungu kama klorokwini! Ile ya kijani ilikuwa na harufu mbaya juu yake. Kwenye lebo zote mbili nimekuta India Pale Ale, kilevi asilimia 6.2 na 6.5. Ndivyo ilivyo, au niliuziwa mbovu? Nifanyeje niifurahie kama wanavyoifurahia wao? Na jambo dogo la mwisho: mume wangu anachanganya bia na Stoney Tangawizi. Namwambia anaharibu bia. Nani ana haki?"

Jibu:

Salama, dada yangu. Ulimi wako haukukosea. Wifi alikusimulia bia moja, wewe ukanunua nyingine. Lile neno India lililotangulia kwenye lebo lina uzito: linataja tawi la ukoo huohuo ambalo hutiwa hopsi nyingi zaidi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na huwa na kilevi zaidi. Ile ya kijani ilikuwa imeshaharibika kabla hujaishika mkononi, nitakueleza kwa nini. Halafu friji na pilipili zikamalizia kazi.

Tuanze na kinachotenganisha bia hii na zile tulizozoea. Kilimanjaro, Safari, Serengeti, Ndovu, zote ni laga. Chachu ya laga hufanya kazi kwenye ubaridi, kama nyuzijoto 7 hadi 13, polepole, kisha bia hulazwa kwenye matangi ya baridi hadi itulie. Ndiyo maana laga nzuri huwa safi mdomoni, haina harufu za matunda. Eli, ndiyo hiyo Ale ya kwenye lebo zako, hutumia chachu ya jamii nyingine, inayopenda joto la wastani, kama nyuzijoto 16 hadi 22, humaliza kazi ndani ya siku chache, na ikiondoka huacha harufu ya matunda kidogo. Peli eli, yaani Pale Ale, ni eli iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri kilichokaushwa taratibu kisiungue, rangi yake ikabaki ya dhahabu au shaba, na ikapewa hopsi za kutosha. Guinness unayoiona kwenye baa za hapo mjini nayo ni mtoto wa familia ya eli, ila shayiri yake imechomwa hadi ikawa nyeusi.

Hopsi ndizo zilizokuumiza, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ni maua ya mmea unaopanda juu ya kamba na nguzo. Ndani ya ua kuna utomvu wenye asidi zinazoleta uchungu, na kuna mafuta yanayoleta harufu. Asidi hazitoi uchungu wake sawasawa mpaka zichemshwe, kwa kawaida saa nzima hivi. Mafuta yana tabia ya kinyume: ukiyachemsha yanaruka na mvuke. Kwa hiyo fundi akitia hopsi mwanzoni mwa kuchemsha anapata uchungu, akizitia mwishoni au baada ya bia kupoa anapata harufu. Kilo ileile ya hopsi inaweza kukupa dawa ya malaria au ikakupa harufu ya balungi na maembe, kutegemea imetiwa saa ngapi. Peli eli nyepesi ya siku hizi ni ya fundi aliyetia kidogo mwanzoni na nyingi mwishoni.

Mtu wa Moshi hapaswi kushangaa kwamba bia hutiwa kitu kichungu makusudi. Mbege ina gome la msesewe, na kazi yake humo inakaribiana na kazi ya hopsi: kukata utamu wa ndizi ili kinywaji kisichoshe.

Wifi anaiita bia ya kiangazi, na kwa Waingereza ni kweli, lakini asili yake imefungamana na nchi za joto kuliko watu wanavyodhani. Kimea cha rangi hafifu kilianza kupatikana kwa uhakika Uingereza katika karne ya 17, pale walipoanza kukikausha kwa makaa ya koki ambayo hayatoi moshi wa kukigeuza rangi na ladha. Karne iliyofuata, kiwanda cha George Hodgson kule Bow, mashariki mwa London, kilikuwa karibu na gati za meli za East India Company, na mabaharia wakawa wanachukua mapipa ya bia yake kwenda kuyauza India. Safari ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilichukua miezi kadhaa na kukatiza ikweta mara mbili. Miaka ya 1820 watengenezaji bia wa mji wa Burton upon Trent, hukohuko Uingereza, akina Allsopp na Bass, wakaingia kwenye biashara hiyo. Maji ya Burton yana jasi nyingi, na jasi huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na mkali, usigande ulimini. Waingereza waliokuwa wakitokwa jasho Calcutta waliikimbilia. Kwa hiyo ukiinywa Februari hapo Moshi, jua likiwa utosini, hujaiga mtu wa Ulaya.

Ila usichukue hadithi hiyo ukadhani bia hii haiogopi joto. Mapipa yale ya India yalikuwa na hopsi nyingi mno na sukari karibu yote imeliwa na chachu, na wanywaji walitarajia bia iliyokomaa kwa miezi. Peli eli ya leo imejengwa juu ya harufu. Mfano wake mkubwa ni Sierra Nevada Pale Ale, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1980 huko Chico, California, kwa hopsi za Cascade ambazo zilikuwa zimetolewa kwa wakulima mwaka 1972 tu. Ile harufu ya balungi ndiyo iliyowapumbaza Wamarekani, na dunia ikafuata. Harufu ya namna hiyo haingoji miezi.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize kuliko penginepo. Bia nyepesi ya kuburudisha ni bia mpya. Uzuri wa lebo, jina la nchi ilikotoka na bei havisaidii kitu kama imekaa. Watengenezaji wana kanuni yao ya kukadiria: siku 3 kwenye nyuzijoto 32 huizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzijoto 22, au siku 300 kwenye nyuzijoto 3. Sasa fikiria kopo lililotoka Ulaya, likavuka bahari ndani ya kontena la chuma, likasubiri bandarini Dar es Salaam mwezi Februari, likapanda lori zaidi ya kilomita 600 hadi Arusha, kisha likakaa rafuni wiki kadhaa kwa sababu wanaolinunua ni wachache. Likikufikia, harufu ya balungi imekwenda, uchungu umebaki peke yake, na nyuma yake kuna ladha ya boksi lililoloa. Bia haitakuua, lakini haina raha tena. Kwenu Moshi jambo hili halihitaji mtaalamu: mbege hunywewa ikiwa mbichi, na hakuna anayemkaribisha mgeni wa heshima kwa mbege ya juzi.

Kwa hiyo dukani geuza chupa kabla hujasoma jina. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Nyingine huandika tu mwisho wa matumizi, na viwanda vingi hujipa miezi 9 hadi 12, basi rudisha hesabu nyuma mwenyewe. Peli eli ikiwa na miezi mitatu, chukua. Miezi sita, labda, kama imekaa kwenye friji ya duka muda wote. Zaidi ya hapo mwachie mwenye duka, hata akikupunguzia bei. Na nikwambie wazi, kati ya peli eli ya mwaka jana iliyotoka mbali na laga iliyotoka kiwandani hapohapo Moshi wiki chache zilizopita, mimi nanunua laga bila kufikiri mara mbili.

Nairobi kuna viwanda vidogo vinavyotengeneza peli eli na mitindo mingine ya namna hiyo, na Namanga haiko mbali na Arusha. Kama una ndugu anayepita huko, mtume akuletee kopo, na alifungie kwenye boksi la barafu njiani. Afrika Kusini nao wanalima hopsi zao wenyewe karibu na mji wa George, zikiwemo African Queen na Southern Passion, zenye harufu nzuri ya matunda. Huku kwetu shayiri inakubali, Monduli, Karatu na West Kilimanjaro wanaijua, lakini hopsi hudai mchana mrefu wa kiangazi ili zichanue vizuri, na sisi hapa mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima.

Turudi kwenye chupa ya kijani. Mwanga wa jua ukizipiga zile asidi za hopsi ndani ya bia, huzivunja, na vipande vyake vikikutana na salfa iliyomo huzaa kitu chenye harufu kali, ambacho pua huinasa hata kikiwa kidogo sana. Kama umewahi kupita mahali kicheche amejihami, unaifahamu. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, kopo huzuia wote, ya kijani huzuia kidogo na isiyo na rangi haizuii kitu. Kwenye jua kali dakika chache zinatosha. Wewe uliitoa rafu ya dirishani, imeota jua huenda mwezi mzima. Kopo ndilo rafiki yako, na nashangaa watu bado wanalidharau wakidhani ni la bia rahisi. Na hata ukikaa baa ya bustani, usiiache glasi juani huku ukipiga soga. Harufu ile inaweza kuanza ukiwa bado unainywa.

Sasa, ipi ni nyepesi? Rangi inakudanganya nusu. Kinachofanya bia iwe nzito mdomoni ni sukari iliyobaki baada ya chachu kumaliza kazi, na hasa vimea vya karameli vinavyoipa bia rangi nyekundunyekundu na utamu unaonata. Chagua yenye rangi ya majani makavu au dhahabu. Angalia kilevi: kati ya asilimia 3.8 na 4.8 uko mahali pazuri. Kilimanjaro ni 4.5 na Safari ni 5.5, kwa hiyo una mahali pa kulinganishia. Ukikuta lebo imeandikwa Session, maana yake wameipunguza kilevi ili mtu akae nayo mchana. Golden Ale na Blonde Ale ni binamu zake wapole, na kwa mtu anayetoka kwenye laga ningeanzia hapo. Baadhi ya lebo hutaja kipimo cha uchungu kiitwacho IBU. Laga za kawaida ziko kwenye 10 hadi 25, peli eli ya Kimarekani 30 hadi 50, na hizo za India ulizonunua zinaweza kufika 70. Mwanzo tafuta isiyozidi 35.

Ubaridi. Mhudumu wa baa zetu huuliza, "Ya baridi au ya moto?", na peli eli haipati nafasi yake kati ya majibu hayo mawili. Ukiigandisha, harufu inalala, utamu mdogo wa kimea unalala, uchungu unabaki macho. Nyuzijoto 7 hadi 10 zinaitosha. Kwa Moshi mwezi Februari, maana yake itoe kwenye friji, iweke mezani dakika kumi, ndipo ufungue. Wala usiipeleke friza. Arusha mwezi Julai hali ni nyingine kabisa. Wakati wifi yako anaota jua, sisi huku tuko ndani ya makoti na ukungu wa Meru, na usiku hushuka hadi nyuzijoto 12 au 13. Waingereza huiweka eli yao ya pipa kwenye ghala la chini kwa nyuzijoto 11 hadi 13. Yule mzee wa Ngarenaro anayeagiza ya moto Julai, huku wenzake wakimcheka, anakunywa kwenye joto ambalo mwenye baa wa Kiingereza asingeliona la ajabu.

Kwa hiyo kiangazi chetu cha bia hii ni Desemba hadi katikati ya Machi, kabla masika hayajashuka, na Oktoba pia kabla ya vuli. Mchana, kivulini, kopo moja.

Mimina kwenye glasi. Najua wengi wetu tunapenda chupa mkononi, na tunataka ifunguliwe mbele yetu, na hilo la pili usiliache. Lakini harufu haipiti kwenye mdomo wa chupa. Glasi iwe safi, isiwe na mafuta wala mabaki ya sabuni, maana hayo huua povu. Isuuze kwa maji baridi kisha mimina ikiwa bado na unyevu. Anza ukiwa umeiinamisha, malizia ikiwa imesimama, uache povu la vidole viwili. Watu huona povu kama wizi wa mhudumu. Kwenye bia hii povu ndilo linalobeba harufu hadi puani.

Kiti moto ulichagua vizuri. Gesi na uchungu hukata mafuta ya nguruwe, na ile ngozi iliyokauka ikakolea chumvi hupatana na kimea. Kosa lilikuwa pilipili. Uchungu, gesi na kilevi kwa pamoja huuongeza moto wa pilipili mdomoni, na kadiri bia ilivyo chungu ndivyo unavyoungua zaidi. Punguza pilipili kichaa, ongeza kachumbari na ndimu kwenye nyama. Mbuzi wa kuchoma na ndizi za kuchoma, sawa kabisa. Perege wa Nyumba ya Mungu aliyekaangwa mkavu ndiye ninayempenda zaidi na bia hii, kwa sababu nyama yake ni nyepesi na haiipigii kelele. Mtori sikushauri, ni mzito na mpole, bia itaupita juu. Na ndimu uikamulie samaki, usiikamulie glasi. Inavuruga povu, na peli eli nzuri ina harufu ya ndimu yake mwenyewe.

Jambo la kiu nalo. Kilevi huufanya mwili utoe maji zaidi. Kunywa maji kwanza, glasi kubwa, kisha bia kwa ajili ya ladha, kisha maji tena. Nawaona wageni walioteremka mlimani wamekauka midomo wakianza na bia tatu, jioni kichwa kinawapasuka. Hesabu pia kilevi kwa ujazo: nusu lita ya asilimia 4.5 ina mililita 22.5 za kilevi halisi, na nusu lita ya ile yako ya 6.5 ina 32.5. Zote ni glasi moja machoni. Kama una mimba, unaendesha, au uko kwenye dozi ya metronidazole, iache. Siku hizi ziko peli eli zisizozidi asilimia 0.5, na baadhi ni nzuri kweli, kwa kuwa harufu ya hopsi haihitaji kilevi ili ipatikane.

Na mumeo. Mwache. Waingereza walikuwa wakichanganya bia na kinywaji cha tangawizi tangu karne ya 19, wakakiita shandygaff, na walikinywa wakati huohuo wa joto ambao wifi yako anausifia. Nusu kwa nusu, kilevi cha kila glasi kinapungua nusu, na tangawizi na kimea vinaelewana. Mwombe tu afanye hivyo na laga. Stoney iwe baridi sana, aimimine bia kwanza, Stoney afuatishe taratibu ukingoni mwa glasi, la sivyo povu litamwagikia meza yote. Kopo la peli eli likipatikana, jipya, la dhahabu, asilimia nne na kitu, hilo ulifiche nyuma ya friji, ulinywe wewe.